Vijiwe vya Pindoni

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza, na imeanza vibaya. Dari linavuja juu ya cherehani yangu, halivuji juu ya cherehani ya Mwepesi. Hata mvua inajua nani apendelewe humu ndani. Nimeweka beseni na kusogea pembeni, sasa nashona nimebanana na kabati.

Mwepesi ni binamu yangu, binti wa mjomba. Jina hilo wamempa wateja kwa sababu ya mikono yake. Amekuja kujifunza ufundi kwa Mama Mdogo, mwenye hiki chumba cha ushonaji, mwaka jana tu, na mimi niko kwenye chumba hiki tangu miguu yangu haijafika kwenye pedeli. Kutia uzi kwenye cherehani nimemfundisha mimi. Leo mteja kaingia, kanipita kama stuli, kasema anamtaka yule binti mwenye mkono mwepesi. Nikamwonyesha kwa kidole. Nilitabasamu pia, maana biashara ni biashara.

Jumamosi, 8 Machi

Kabati la kanisa nalo limevuja. Majoho meupe ya ubatizo yameota ukungu mweusi, hayafai tena. Mchungaji ameyaleta kwenye gunia na kuomba mapya, yawe tayari Jumapili ya kwanza ya Aprili. Mimi mwenyewe ni mmoja wa watakaobatizwa siku hiyo. Alipokuwa bado anazungumza nilishajiona: nashona majoho ya kanisa, halafu naingia majini na joho la mkono wangu, watu wanaulizana nani kashona.

Mama Mdogo akasema, pini zikiwa mdomoni, "Majoho atashona Mwepesi. Wewe malizia sare za shule."

Nikauliza kwa nini, kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Mwanangu, kola zako zinapinda. Joho jeupe halifichi kitu."

Alisema hayo mbele ya mchungaji. Mchungaji akatazama dari, akasema tuna uvujaji. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Jumapili, 9 Machi

Darasa la ubatizo. Leo tulisoma habari ya ndugu wawili na sadaka zao, ya mmoja ikakubaliwa, ya mwingine ikakataliwa, na yule mkubwa akamuua mdogo wake. Mchungaji akatuambia tusikimbilie mauaji. Akasema Mungu alimuuliza yule mkubwa mapema kwa nini uso wake umekunjamana, kabla hajamgusa mtu. "Aliulizwa, akanyamaza. Angejibu, habari ingekuwa nyingine."

Wenzangu wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa natazama dirishani. Mwepesi, aliyebatizwa siku nyingi kwao, alikuwa anafagia maji mlangoni mwa kanisa bila kutumwa na mtu. Ndizo zake hizo, kufanya mambo bila kutumwa ili sisi wengine tuonekane wavivu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Sare. Mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Mama Mdogo ameondoka. Binti yake amejifungua kwa upasuaji, atakaa naye huko mpaka apate nguvu. Alikuwa ameshafungua mwavuli mlangoni ndipo akageuka.

"Majoho. Mwonyeshe mwenzako mambo ya pindo. Yeye ya majini hayajui."

"Sawa, mama."

Mambo ya pindo ni haya. Joho likiingia majini hujaa hewa, likapanda juu kama mfuko. Kwa hiyo Mama Mdogo hushona vijifuko kwa ndani ya pindo, kuzunguka lote, na kila kimoja hukitia kijiwe laini. Kwa nje huoni kitu. Joho linabaki chini, na mtu anatoka majini na heshima yake. Kanisani hakuna anayelijua hilo, hata mchungaji, kwa sababu halijawahi kuharibika.

Yale majoho yenye ukungu niliyachana mimi kuwa matambara. Vijiwe nimevitia kwenye kopo la maziwa chini ya meza yangu. Mwepesi ataonyeshwa, haraka ya nini?

Jumanne, 18 Machi

Leo waliokuja kupimwa ni wengi. Mwepesi anapima, mimi naandika. Wa mwisho alikuwa Bibi Mboga, anayeuza mboga pale kona, ambaye maisha yake yote aliliona kanisa kwa nje na mwaka huu ameamua kuingia. Tuko naye darasa moja. Huwa ananipa kitunguu cha nyongeza na kuniita mke mwenzake, kwa sababu anasema marehemu mumewe na babu yangu walifanana sura.

Alisubiri wengine watoke, akafunga mlango mwenyewe.

"Wajukuu zangu, langu lifike chini kabisa. Huu mguu niliungua nikiwa mdogo, kuanzia paja. Tangu marehemu mume wangu, hakuna mtu aliyeuona. Sitaki kanisa zima liwe la pili."

Mwepesi akapiga magoti, akashusha futi mpaka sakafuni. "Litafika hapa, bibi. Hata nzi hatauona."

Bibi akacheka. Akamshika Mwepesi kidevu, akasema, "Mikono hii ina baraka."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kutaja vijiwe. Naapa nilikuwa nimeufungua. Niliposikia hilo la baraka nikaufunga.

Jumamosi, 22 Machi

Bado sijamwonyesha. Nimejiambia kwamba anayejua kila kitu hahitaji kufundishwa. Nimejiambia pia kwamba bado kuna muda.

Alhamisi, 27 Machi

Majoho yamekwisha. Yametundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na lazima niandike ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayenisoma: ni mazuri. Mabega yamekaa, kola zimenyooka. Mwepesi alirudi nyuma akayatazama, akanigeukia.

"Dada, wewe umeona mengi. Kuna kitu nimesahau?"

Aliniuliza hivyohivyo, kwa maneno hayo, na sura ya mtu anayetaka kujibiwa. Nikapapasa mkono wa joho moja kama fundi mkuu.

"Yako vizuri tu."

Kisha nikaenda kumwaga beseni, ingawa lilikuwa halijajaa.

Jumamosi, 5 Aprili

Mwepesi alikwenda kupeleka sare. Nikatoa joho langu kwenye kamba, nikafumua pindo, nikashona vijifuko, nikatia vijiwe kutoka kwenye kopo. La kwangu peke yake. Nilifunga mlango kwa kufuli, mchana kweupe, kama mwizi.

Nilijiambia nini? Kwamba majoho mengine yatapanda kidogo tu, watu watatabasamu, Mama Mdogo ataambiwa, na ataona kwamba mkono mwepesi si kichwa. Kidogo tu. Bibi Mboga sikumfikiria. Hapana, huo ni uongo. Nilimfikiria, nikamsukuma pembeni, nikaendelea kushona.

Jumapili, 6 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Bwawa la ubatizo liko nyuma ya kanisa, lina ngazi za saruji na maji ya kufika kiunoni. Tulijipanga chini ya turubai kwa sababu ya manyunyu. Mchungaji alikuwa ameshaingia. Akasema kwa heshima ya umri tuanze na bibi. Mimi nilikuwa wa pili.

Bibi Mboga alishuka ngazi ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu joho likaanza kujaa. Akalibonyeza kwa mkono huku, likavimba kule. Alipofika chini lilipanda lote kwa pamoja hadi kifuani, na gagulo lake likafuata. Maji ya lile bwawa ni masafi. Kila mtu aliyesimama ukingoni aliuona mguu wake, kovu lote, kutoka paja hadi goti, limekunjamana na kung'aa.

Kijana mmoja wa kwaya alicheka. Hakucheka kwa ubaya, kicheko kilimtoka tu. Lakini kilisikika.

Bibi hakulia. Alisimama akikumbatia ule mfuko mweupe kifuani, akamtazama mchungaji, akasema taratibu, "Niache nitoke, baba." Mchungaji akamwambia angoje kidogo, wataleta shuka. Akarudia, "Niache nitoke." Akapanda ngazi bila kuzamishwa. Mwepesi aliruka na kanga yake akamfunika, magoti yake yote kwenye matope, akisema, "Nimekosea mimi, bibi. Nimekosea mimi."

Mchungaji akaniita mimi.

Nilisikia vijiwe vikinigonga vifundo vya miguu. Nikaelewa kwamba nikishuka, joho langu litatulia chini kama kawaida, na kila mwenye macho atajua. Hilo ndilo lililonisimamisha. Si huruma, si toba. Niliogopa kuonekana. Nikageuka, nikaondoka kwenye mstari, nikakimbia nyumbani kwenye mvua na joho limenilowa mwilini. Mchungaji akaahirisha ubatizo wote.

Jumatatu, 7 Aprili

Watu wanasema nilikataa kubatizwa kwa kumwonea bibi uchungu. Jirani kaja na uji, kaniambia nina moyo wa dhahabu. Mwepesi amenikumbatia, macho yamemvimba. "Asante, dada. Ungeweza kuingia tu, ukaniacha peke yangu na aibu yangu."

Nikampigapiga mgongoni. Mkono wangu mwenyewe ulinitia kinyaa.

Jumanne, 8 Aprili

Kibanda cha mboga kimefungwa. Mvua haijakoma.

Jumatano, 9 Aprili

Mama Mdogo amepiga simu. Habari zimemfikia. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo mbaya kuliko ya juu.

"Ulimwonyesha mambo ya pindo?"

Ningesema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Nikasema, "Nilimwonyesha, mama."

"Mpe simu."

Mwepesi alisikiliza kwa muda mrefu, amesimama katikati ya chumba. Mimi nilijifanya napiga pasi. Nilimsikia akisema, "Vijiwe?" Kisha akanitazama. Nilijua imekwisha, karibu nishukuru. Lakini akasema kwenye simu, "Kama dada anasema alinionyesha, basi alinionyesha, shangazi. Nitakuwa nilisahau. Kichwa changu hakikai."

Aliniamini mimi kuliko alivyoamini kumbukumbu zake mwenyewe. Pasi ilikuwa imesimama kwenye sare na kuiunguza, sikusikia hata harufu.

Ijumaa, 11 Aprili

Asubuhi Mwepesi alikuwa anakunja nguo zake. Amemwambia shangazi yake anarudi kwao, kwamba fundi anayesahau kitu kama hicho atamuumiza mtu mwingine. Alikuwa ameniachia mkasi wake mzuri juu ya meza yangu, zawadi.

Nilijaribu kusali kwanza. Sala haikutoka. Kila nilipoanza, nilisikia lile swali la darasani, kwa nini uso wako umekunjamana, na nikajua ya kwamba Mungu hahitaji nimweleze yeye. Wa kuelezwa yuko chumba cha pili anafunga zipu ya begi.

Nikaenda. Nikasema nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingemaliza.

"Hukusahau. Sikukuonyesha. Mama Mdogo aliniagiza, nikanyamaza makusudi, kwa sababu nilikuonea wivu. Uliponiuliza nikakudanganya. Vijiwe vilikuwa chini ya meza yangu. Na joho langu nililitia."

Alikaa kitandani. Alitazama mikono yake kama anaikagua. Baadaye sana akauliza, "La kwako ulilitia?"

"Nililitia."

"Halafu nikakushukuru."

"Ndiyo."

Akatoka nje, akasimama kwenye mvua, karibu na pipa. Sikumfuata. Nilimpigia Mama Mdogo, nikamwambia yote, na uongo wa juzi pia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekulea mimi," akakata.

Mwepesi hajaondoka. Hajanisemesha pia.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda kwa mchungaji, nikamwomba anifute darasani. Alikuwa anaziba kabati lile linalovuja, misumari mkononi.

"Nikianza kufuta wenye wivu," akasema, "nitabaki nabatiza ukuta. Na huo ukuta nao tuuchunguze."

Sikuweza kucheka. Akashuka kwenye ngazi. Akaniambia Bwana hakuja kwa ajili ya walioshinda, na kwamba msamaha wa Mungu ninao tangu nilipotubu kwa kweli, lakini msamaha huo haunipi ruhusa ya kuikwepa ile kona ya mboga. Halafu akanipa kazi ya kila siku: jambo lolote la Mwepesi litakaloniuma, nimwombee Mungu amzidishie hilohilo.

"Hata kama sitaki?"

"Uma meno, omba."

Bwana, mpe Mwepesi wateja. (Nimeuma meno.)

Jumatatu, 14 Aprili

Kibanda kimefunguliwa. Bibi Mboga alinisikiliza huku akiwahudumia watu. Nilipofikia neno la aibu zaidi alikuwa anapanga nyanya mafungu, akanisimamisha kwa kiganja mpaka mteja aondoke, akasema, "Endelea." Nikaendelea.

"Mguu wangu ulikuwa unaujua?"

"Nilikuwa naujua, bibi."

"Kabla?"

"Kabla."

Akafunika nyanya na nailoni, taratibu, pembe moja baada ya nyingine. "Haya. Nenda. Leo sitaki kukuona tena. Kesho uje, haya matenga yananishinda."

Jumanne, 15 Aprili

Nimebeba matenga. Hakunisemesha.

Jumatano, 16 Aprili

Nimebeba matenga. Kaniambia nabeba vibaya.

Alhamisi, 17 Aprili

Mama Mdogo amerudi. Niliipokea mizigo yake, akaniacha niipokee. Hakugomba, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikabaki na maandalizi yangu. Jioni alimwita Mwepesi, akamwomba radhi mbele yangu kwa yale ya kwenye simu. Mtu mzima yule, akamwomba radhi binti wa kaka yake kwa uongo wangu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Alhamisi, 24 Aprili

Bibi arusi kaja, kataka Mwepesi amshonee, mimi nishike tochi tu kwa kuwa umeme ulikatika. Kikanichoma palepale, kijicho kilekile, hata haya hakina. Nilidhani nikitubu kitahama. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe bado nimeivaa.

Bibi arusi alipotoka nikasema kabla hakijaota mizizi, "Nina wivu na wewe sasa hivi."

Lilikuwa neno langu la kwanza refu kwake tangu siku ile ya begi. Akaendelea kukunja futi.

"Kwa lipi?"

"Kola."

Akafikiri. "Basi lete kiti. Unavuta kitambaa ukifika kwenye pembe, ndiyo maana inapinda. Nilitaka kukwambia siku nyingi, nikaogopa utakasirika."

Angeniambia, ningekasirika kweli. Nimeshona kola nzima mbele yake. Imepinda kidogo tu. Bwana, mzidishie mkono wake. (Leo sikuuma meno sana.)

Jumamosi, 3 Mei

Kesho ni ubatizo. Bibi Mboga amekubali kurudi kwa sharti moja, amelituma kwa mchungaji: mimi nitangulie kuingia, yeye aniangalie akiwa ukingoni, ndipo afuate.

Kutia vijiwe kwenye majoho yote ni kazi ya Mwepesi, kwenye langu pia, ambalo pindo lake la zamani amelikata aweke jipya. Mama Mdogo alimwachia kazi yote na kunikataza hata kusaidia. Joho langu limeletwa limekunjwa, liko hapa juu ya kiti. Nimekaa nalitazama. Pindo lingeweza kupapaswa kwa sekunde moja, nikajua limetiwa au halikutiwa. Yeye ana kila haki ya kunilipa, na anajua namna, maana nilimweleza mwenyewe.

Sijaligusa.

Jumapili, 4 Mei

Hakukuwa na mvua. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, na kila mmoja alikuwa anajua niliyoyafanya. Hakuna aliyeniletea uji.

Nilivaa palepale ukingoni, nikiwa nimefumba macho, ili pindo lisipate muda wa kunigonga vifundo. Nikashuka ngazi ya kwanza, ya pili. Nilijua ni nini kinaweza kutokea kwenye ya tatu, na nikajiambia kikitokea nitasimama palepale kama bibi alivyosimama, bila kumlaumu mtu. Maji yakafika kiunoni. Joho likatulia chini. Mchungaji akaniuliza kama namwamini Yesu, nikajibu. Nikazamishwa. Nilipoibuka uso wa kwanza niliouona ni wa Bibi Mboga, ameinama ukingoni kukagua pindo langu kwa macho ya mtu anayenunua samaki.

"Linakaa," akatangaza, kisha akashuka. Nilimsogelea ngazini, akashikilia bega langu mpaka chini, hakuliacha hata wakati wa kuzamishwa, nusura tuzame wote wawili. Alipoibuka alikuwa anacheka na kulia, na joho limemfunika mpaka kwenye nyayo.

Baadaye tulikuwa tunakamua majoho nyuma ya kanisa, mimi na Mwepesi, kila mmoja ameshika upande wake. Tulipofika kwenye langu akasimama.

"Nilishona la kwako likiwa tupu," akasema. "Juzi. Nikalikunja kabisa, nikaliweka. Nilikuwa nawaza utakavyosimama pale na watu wanavyokutazama. Nililala vizuri, dada, hilo ndilo lililonitisha. Asubuhi nikafumua."

Akaligeuza pindo akanionyesha. Karibu na mshono palikuwa na mstari mwingine wa tundu za sindano, umezunguka joho lote, uzi wake haupo.

Nikamwuliza kama kufumua kulimchukua muda mrefu.

"Sana," akasema. "Shika huko, tukamue."